Jani Lililokatwa Lingali Hai

Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa jumuiya yetu alitungoja penye mlango wa kanisa, beseni kichwani. Tulidhani amekuja kutuuzia mboga, kumbe sivyo. Alilitua beseni chini, akafunua mfuko wa plastiki uliokuwa juu yake, nasi tukaona mafungu ya lengalenga na saladi yaliyogeuka meusi na kuteleza kama sabuni iliyolowana. Harufu yake hatuna haja ya kuieleza.

"Mwalimu," akasema, "ninyi mnaoandika gazetini mambo ya nyumba, nielezeni basi. Hizi nilizinunua bustanini Ijumaa alfajiri, zingali na umande. Nikazinyunyizia maji, nikazifunika vizuri, vilevile kama nilivyofanya mwezi wa nane. Mwezi wa nane zilikaa. Sasa zimeoza kwa siku mbili. Na karo ya mtoto wangu wa sekondari ilikuwa humu."

Hatukuwa na jibu la papo hapo. Tulimwomba atupe siku chache, tukaenda kuuliza wenye bustani, tukafungua vitabu, tena tukakumbuka kosa letu wenyewe. Maana sisi nasi tulifanya lile lile. Mwaka jana, mwezi wa nne, mvua zikiwa hazijaisha, ilikuwa mkesha wa Komunyo ya kwanza ya mtoto wa ndugu yetu. Tukanunua saladi nyingi kwa ajili ya wageni. Ili tusihangaike asubuhi, tukaziosha jioni ile ile, tukazitia zikiwa zimelowa katika mfuko mmoja mkubwa, tukaufunga kwa nguvu, kisha tukauweka pembeni pa jiko, karibu na mbabula ambayo makala yake hayajazimika. Asubuhi mfuko ulikuwa na uvuguvugu mkononi kama mtoto mwenye homa. Siku hiyo msimamizi wa mtoto alikula kabichi.

Basi, kosa la yule mama na kosa letu lina mzizi mmoja. Wengi wetu twadhani kwamba mboga ikisha kung'olewa imekufa kama ukuni, na kazi iliyobaki ni kuizuia isikauke tu. Sivyo hata kidogo. Jani lililokatwa lingali hai. Linavuta hewa, linateketeza polepole sukari iliyomo ndani yake, linatoa maji na joto. Atakaye kusadiki na atie mkono katikati ya rundo la majani yaliyolala usiku kucha katika gunia: atasikia joto, ingawa hakuna moto. Na kadiri hewa ya nje inavyozidi kuwa na joto, ndivyo jani linavyozidi kupumua kwa haraka. Joto likiongezeka nyuzi 10, kupumua huko huongezeka mara mbili au hata mara tatu. Ni kusema kwamba jani lililoachwa juani linaumaliza uhai wake upesi, kama mtu alaye akiba ya mwezi kwa juma moja.

Jambo la pili ni maji. Saladi ni karibu maji matupu: katika sehemu 100 za uzito wake, sehemu 95 hivi ni maji. Ikiwa bustanini, kila tone linalopotea hewani hurudishwa na mzizi. Ikisha kukatwa, hakuna wa kulirudisha. Inapopoteza maji kidogo tu, hulegea na kuinamisha kichwa.

Kwa hiyo jani laweza kufa kwa njia mbili. Laweza kufa kwa kiu, na laweza kufa kwa kukosa pumzi. Na hapa Lubumbashi kila njia ina majira yake.

Mji wetu umekaa juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Tangu mwezi wa tano hadi wa kumi hatuoni mvua, au twaona kidogo sana. Mwezi wa sita na wa saba usiku una baridi kali. Lakini mwezi wa tisa na wa kumi jua huwaka, hewa hukauka, midomo hupasuka, na vumbi jekundu huingia hata ndani ya sanduku la nguo. Ndiyo majira ambayo bustani za mabondeni hujaa, maana mkulima anayo maji ya mto na hana hofu ya mvua ya mawe wala ya magonjwa mengi ya majani. Wakati huo hewa ina kiu, nayo hunywa maji ya kila jani inaloliona. Saladi iliyopangwa mezani sokoni saa mbili asubuhi, saa sita imelala.

Tangu mwezi wa kumi na moja hadi wa nne, mambo hugeuka. Hewa imekwisha kushiba maji. Nguo uliyoianika asubuhi waitoa jioni ingali mbichi. Basi, maji uliyonyunyizia mboga yako hayana pa kwenda: yanabaki juu ya jani, yanaingia penye kila jeraha la kisu na kila mkunjo, na humo vijidudu vya kuozesha hupata kitanda na chakula. Ukiongeza juu yake mfuko wa plastiki uliofungwa, jani linatoa jasho, jasho halitoki, joto halitoki, hewa mpya haiingii. Yule mama hakuwa mvivu wala mjinga. Alifanya kwa uaminifu, katika masika, kazi inayofaa kiangazi. Kinachoiponya mboga ya mwezi wa tisa ndicho kinachoiua mboga ya mwezi wa kwanza.

Tuanze na kiangazi, kwa kuwa hapo pana mengi ya kufurahisha. Adui ni hewa kavu, lakini hewa hiyo hiyo yaweza kutumikishwa. Babu zetu walijua kwamba maji ya mtungi wa udongo ni baridi kuliko maji ya ndoo ya bati. Sababu yake ni kwamba maji hupenya ukutani mwa mtungi, hugeuka mvuke, na kila yanapogeuka mvuke huchukua joto pamoja nayo. Katika nchi ya Nijeria, mwalimu mmoja aitwaye Mohammed Bah Abba, aliyezaliwa katika jamaa ya wafinyanzi, aliuchukua ujuzi huo wa kale akautengeneza upya mwaka 1995. Alitia chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, akajaza mchanga katikati yao, akaulowesha mchanga kwa maji, akafunika chungu cha ndani kwa kitambaa kilicholowa. Mchicha ambao kwa kawaida uliharibika kwa siku moja ulikaa siku 12 ukingali unalika, na mabiringani yakakaa siku 27 badala ya siku tatu. Mwaka 2000 alipewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Vyungu viwili na mchanga! Wanafunzi wanaodhani kwamba sayansi hukaa Ulaya tu na wamfikirie mwalimu huyo.

Anayetaka kujaribu na aangalie mambo matatu. Chungu cha nje kisiwe na rangi wala kung'arishwa, maana maji lazima yapate kupenya. Mchanga uloweshwe asubuhi na jioni. Na chombo chenyewe kikae kivulini mahali penye upepo. Ukikifungia ndani ya kabati, upepo haukifikii nacho hakitapoza kitu. Wala msitazamie mengi kitakapofika kipindi cha mvua, kwa sababu tuliyokwisha kuieleza: hewa iliyoshiba hainywi tena.

Asiye na vyungu anacho kitambaa. Atandike kikapu kwa kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, apange mboga bila kuzisonga, afunike kwa kitambaa kingine cha namna hiyo, akiweke kikapu juu ya sakafu ya saruji upande wa nyumba usiopigwa na jua la alasiri. Sakafu ni baridi kuliko meza. Kitambaa kikikauka, kiloweshwe tena. Si kazi kubwa, yataka kukumbuka tu.

Kwa akina mama wauzao kwa pamoja, twaona kuna jambo bora zaidi. Huko Uhindi, wataalamu wa taasisi ya kilimo ya New Delhi walibuni katika miaka ya 1980 kijumba cha matofali kisichotumia umeme. Ni kuta mbili fupi, moja ndani ya nyingine, zenye nafasi ndogo katikati iliyojazwa mchanga. Juu pana kifuniko cha majani au magunia, na kivuli juu ya yote. Mchanga na matofali huloweshwa mara mbili kwa siku. Wakati wa joto kavu, ndani huwa baridi kuliko nje kwa nyuzi 10 au zaidi. Sasa tujiulize: ni kitu gani katika hicho ambacho hakipo Lubumbashi? Matofali twayafyatua wenyewe kutoka vichuguu vyetu, mchanga upo, magunia yapo. Vyama vingapi vya akina mama vinachanga kila mwezi kwa ajili ya sare za sikukuu? Hatusemi sare ni mbaya. Twasema tofali nazo si ghali.

Sasa masika. Hapa shauri letu ni fupi, nalo ni gumu kwa mkono uliozoea kunyunyiza: usinyunyize. Mboga ikifika imelowa kwa mvua au umande, ikung'ute, fungua kamba ya fungu (kamba hunyonga mashina, na kuoza huanzia hapo), itandaze juu ya uchaga au mkeka safi mpaka maji ya juu yapotee. Ondoa kila jani lililovunjika, lililotobolewa na wadudu au lililoanza kuwa manjano, maana moja laharibu jirani zake. Usioshe mpaka saa ya kupika au ya kula. Kisha ifunike kwa kitambaa safi kikavu. Wengine hutumia karatasi ya gazeti. Sisi twaomba gazeti letu lisifanye kazi hiyo kabla halijasomwa, na hata baada ya kusomwa wino wake haufai kugusa kitu cha kuliwa kibichi. Kama ni lazima kutumia mfuko wa plastiki, utobolewe matundu mengi wala usifungwe mdomo.

Lengalenga, matembele, chibwabwa na mboga nyingine zenye mashina zina bahati kuliko saladi. Kata ncha ya shina kidogo kwa kisu kikali, simamisha fungu ndani ya kikombe chenye maji ya kina cha vidole viwili, kama uwekavyo maua altareni, na majani yabaki juu, makavu. Hivyo shina linakunywa na jani linapumua. Maji yabadilishwe kila siku. Njia hiyo yafaa majira yote mawili, na watoto waweza kukabidhiwa.

Tena, mwenye kuwanunulia jamaa katika masika na anunue kidogo kidogo. Tunajua wengi hupenda kununua ya siku nne kwa mara moja, maana safari moja ya basi ni nafuu kuliko mbili. Lakini fungu la bei nafuu linalotupwa jalalani si nafuu. Yule mama wa beseni alipofanya hesabu pamoja nasi, aliona kwamba katika mafungu ya Ijumaa ile alipoteza zaidi ya faida ya juma zima. Mwaka 2011 shirika la FAO lilikadiria kwamba karibu theluthi moja ya chakula kinacholimwa kwa ajili ya watu duniani hupotea au hutupwa. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alikilinganisha chakula kitupwacho na kitu kilichoibwa mezani pa maskini. Hapa, pengine, maskini mwenyewe ndiye aliyeibiwa, naye hakumwona mwizi.

Juu ya frigo tutasema machache, maana umeme hukatika, na wengi hawana. Aliye nayo aweke majani sehemu ya chini, yamefungwa katika kitambaa, mbali na barafu. Jani likiganda hugeuka jeusi na halitengenezeki tena. Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe-funguliwe. Na jambo moja zaidi, ambalo lahusu frigo, kikapu na chungu sawasawa: msiweke mboga za majani pamoja na ndizi, maembe au avoka zilizoiva. Matunda yaivapo hutoa hewa isiyoonekana iitwayo etileni, nayo huyafanya majani kuwa manjano kabla ya wakati. Mrusi mmoja, Dimitry Neljubow, ndiye aliyeonyesha nguvu ya hewa hiyo mwaka 1901: miche yake ya njegere ilikuwa ikipinda ndani ya chumba, naye akatafuta mpaka akaona kwamba kisa ni etileni iliyotoka katika gesi ya taa.

Imebaki habari ya maji yenyewe, nayo ni nzito kuliko zote. Tumewaona sokoni wauzaji wanaorudishia mboga uzuri wake kwa kuchovya mkono katika ndoo ambayo maji yake yametoka mtaroni. Jani linainuka, ni kweli. Lakini kipindupindu kiliupiga mji huu mwaka 2008, na tena mwaka 2013, na hakuna aliyezika mtu wake siku zile anayeweza kuyaita maji machafu jambo dogo. Lengalenga na sombe hupikwa, moto husafisha. Saladi huliwa mbichi. Kwa hiyo, saladi ioshwe jani moja moja kwa maji safi mpaka vumbi na udongo vitoke. Kisha ilale dakika tano katika maji yaliyotiwa dawa ya javeli, kijiko kidogo kimoja kwa lita tano. Javeli iwe ya kawaida, isiyo na manukato wala sabuni, wala isichanganywe kamwe na siki, maana hutoa hewa yenye sumu. Mwishowe isuuzwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Hayo yote yafanywe karibu na saa ya kula, wala si mkesha, kama tulivyofanya sisi.

Je, muuzaji asirudishie mboga uzima kabisa? Aweza. Jani lililolegea kwa kiu, likilazwa nusu saa katika maji safi ya baridi, hunywa na kusimama, na hapo hakuna udanganyifu, maana limepata tena kile lilichopoteza. Walakini jani lililokwisha kuwa manjano halirudi, na lenye utelezi ni la shimo la mbolea. Wala haifai kuyaficha ya jana chini ya ya leo ndani ya fungu moja. Aseme, "Haya ya leo, haya ya jana," ayauze ya jana kwa bei ya chini. Tumemwuliza mama mmoja wa soko la Kenya aliyezoea kusema hivyo. Alicheka, akatuambia kwamba wateja wake huja kwake kwanza, na ya jana ndiyo yanayokwisha mbele, kwa kuwa wenye watoto wengi huyatafuta.

Wanafunzi watakaopenda kuhakikisha tuliyoandika na wachukue mafungu matatu yaliyo sawa: moja mezani wazi, moja limeloweshwa na kufungwa katika plastiki, moja katika kikombe cha maji. Wayatazame asubuhi na jioni kwa siku tatu, waandike. Kisha warudie mwezi wa tisa, walinganishe.

Mama wa beseni alirudi kwetu Alhamisi jioni. Sasa hununua beseni moja mahali pa matatu. Mumewe amemjengea uchaga wa fito chini ya paa la nyuma, na yanayobaki jioni husimama katika vikopo vya maziwa vyenye maji. Juma hili yalimbakia mafungu manne, akayapika nyumbani kwa bukari. Karo haijatimia, wakuu wa shule wamempa nafasi hadi mwisho wa mwezi, nayo jumuiya imekusanya kidogo. Ametuomba tuwaulize wasomaji jambo moja. Akitaka kuwa na vyungu viwili, kimoja kiweze kuingia ndani ya kingine na kubakiza nafasi ya mchanga, atavipata kwa mfinyanzi gani, hapa mjini au vijiji vya karibu? Mwenye kumjua mfinyanzi wa namna hiyo na aache habari parokiani kabla ya mwezi wa tano, mvua zitakapokoma.